Mwacheni Mama Achague Samaki: Mwanzo wa Filamu ya Mapigano na Taharuki

Mazungumzo haya niliyatoa kwa wanafunzi wa filamu jijini Dar es Salaam, siku ya kuonyesha kazi zao. Wengi ambao hawakufika waliomba maandishi. Haya hapa, karibu yote kama yalivyosemwa. Vipande vya video tulivyokuwa tukivisimamisha ukutani nimevieleza kwa maneno.

Walimu, wanafunzi, wazazi mliokuja kuona ada inakokwenda: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Na nyie wa nyuma, hamjambo?

Haya, sasa tuko pamoja.

Nimeitwa nizungumzie kazi moja tu, mwanzo wa filamu wa dakika mbili uliotengenezwa na wanafunzi wanne wa hapa. Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kibovu nikikata vitu ambavyo wenzangu wametokwa jasho kuvirekodi. Kwa hiyo nitasema kama mhariri, na wenye kazi mtanisamehe. Msiponisamehe pia sawa, mradi mkakate.

Kwa aliyechelewa, kipande chenyewe kiko hivi. Ni asubuhi, soko la samaki la Feri. Mikono ya mtu ambaye uso wake hatuuoni inaweka kitu kilichozongwa nailoni ndani ya ndoo nyeupe ya plastiki, zile ndoo zilizokuwa za rangi. Juu yake wanamwagwa vibua. Mfuniko unagongwa. Msichana aliyejifunga khanga kiunoni anaichukua ndoo na kuelekea kwenye pantoni ya Kigamboni. Wanaume wawili wenye suti nyeusi na miwani ya jua wanamwona. Njiani mama mmoja anamsimamisha, anataka kununua samaki. Msichana anajichomoa. Anaharakisha, nao wanaharakisha. Anakimbia. Bastola inatoka. Muziki unapanda. Geti la pantoni linaanza kufungwa. Risasi inalia, skrini inakuwa nyeusi, na jina la filamu linatokea kwa herufi nyekundu zinazochuruzika.

Mmepiga makofi, na mimi nilipiga. Ni kazi nzuri. Swali langu ni hili: uzuri wake uko wapi? Nimewauliza baadhi yenu pale nje wakati wa chai, na karibu wote mmenijibu: bastola, suti, mbio, muziki. Yaani vitu. Mimi nasema kaida za filamu ya aina hii haziko kwenye vitu. Ziko kwenye nani anajua nini, na amebakiwa na muda gani. Hayo mawili, basi. Na yote mawili hayana kodi ya lokesheni.

Zoezi lenyewe si la kubuniwa hapa. Uingereza, wanafunzi wa sekondari ya juu waliosoma somo la vyombo vya habari walilifanya kwa miaka mingi: tengeneza majina na mwanzo wa filamu mpya, usizidi dakika 2. Wengi wao walichagua mapigano na taharuki, kama nyie, na wengi waliishia na kijana mwenye hudi nyeusi anayekimbia kwenye maegesho ya magari. Mnaona? Wao hudi, sisi suti. Ugonjwa ni mmoja.

Tuanze na mtazamaji. Mtazamaji wenu anazijua kaida hizi kuliko nyie. Alizisoma wapi? Kwenye kibanda cha video. Wazee kidogo humu ndani mnakumbuka: benchi za mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, joto, televisheni moja juu ya kabati, na mtafsiri anatuelezea picha ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiswahili. Nani hamjui Lufufu, mtafsiri wetu? Alikuwa anawapa waigizaji wa Hong Kong matusi ya Manzese na sote tukaelewa. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana mavijei wao, watafsiri wa namna hiyohiyo. Hawa watu wametupa elimu ya filamu bila cheti.

Sasa fikirini, picha inaanza pale kibandani, haijafika hata dakika ya tatu, na mtoto wa miaka tisa aliyekaa chini kwenye mkeka anapiga kelele: "Steringi huyo!" Hajatajwa jina. Hajapiga mtu ngumi. Mtoto kajuaje?

Kajua kwa sababu kamera imemwambia. Uso wa kwanza unaoletwa karibu na kuachwa pale ukipumua, huyo ndiye steringi. Mtu ambaye tunaona anachokiona yeye, huyo ndiye steringi. Adui naye anakuja vipandevipande: kiatu, pete, mgongo, moshi wa sigara, sauti kwenye simu. Uso wake unawekwa akiba. Na kila mtoto anajua steringi hafi, au akifa, basi picha imekwisha. Hayo ni makubaliano kati ya mtengenezaji na benchi, yameshatiwa saini kabla hamjawasha kamera.

Rudini kwenye kipande chenu. Tumesimamisha hapa kwenye sekunde ya 40. Tangu mwanzo tumeona nini kwa karibu? Miwani ya bwana wa kwanza. Kidevu cha bwana wa pili. Saa ya mkononi inayong'aa. Uso wa bwana wa kwanza tena, kwa mwendo wa polepole, upepo wa bahari ukimpeperusha tai. Na msichana? Msichana tumemwona kwa mbali, mara mbili, akiwa nyuma ya matenga. Mtoto wa kibandani angesema nini hapo? Angesema steringi ni bwana mwenye miwani, na msichana ni mwizi! Wala hatakuwa amekosea, kamera ndiyo imemwambia hivyo. Hapo nyie mmekusudia huruma yetu iende kushoto, mkaipeleka kulia.

Tena hizo suti. Jamani. Suti nyeusi, Feri, asubuhi, kwenye yale maji ya samaki? Najua mmezitoa wapi, hata mimi nimeziona huko. Lakini mtu wa kutisha pale Feri anafananaje? Nendeni mkakae pale kesho, angalieni miguu. Kila mtu pale miguu imelowa: wachuuzi, mama lishe, wabeba matenga, wateja wenyewe, sakafu haikauki. Sasa mwekeni mtu mmoja, shati la kawaida, kandambili za kawaida, amesimama. Hanunui. Hauzi. Hali. Na miguu yake mikavu. Shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya miguu mikavu kati ya miguu iliyolowa, na mimi mtazamaji nimeshajua kuna jambo. Haijagharimu hata kukodi suti kwa fundi.

Nasisitiza hili kwa sababu mnadhani kaida ni sare. Kaida inasema adui awe na alama inayomtenga na mazingira. Hollywood wameamua alama hiyo ni suti. Nyie mnaruhusiwa kuamua ni kandambili kavu.

Tuingie kwenye taharuki. Hapa nitakaa sana, kwa hiyo mwenye simu azime.

Mwaka 1958 ilitoka filamu ya Orson Welles inayoitwa Touch of Evil. Inaanza na mikono. Sawasawa na yenu, na sijui kama mlikuwa mnajua. Mikono hiyo inategesha saa ya bomu. Mwenye mikono anakimbia kando ya ukuta, anafungua buti la gari, anaweka bomu, anatoweka. Wanakuja mwanamume na mwanamke wanacheka, wanaingia kwenye gari lile, wanaondoka. Tangu ile mikono kamera haikatwi. Inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari mitaani katika mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani. Askari wa barabarani analisimamisha. Mbuzi wanakatiza. Mikokoteni inapita. Wakati huohuo mume na mke waliooana karibuni wanatembea kwa miguu kuelekea mpaka uleule, mara gari liko mbele yao, mara liko ubavuni mwao. Wanafika kituo cha ukaguzi. Afisa anapiga soga. Yule mwanamke wa kwenye gari anamlalamikia afisa kwamba anasikia mlio wa tikitiki kichwani. Hakuna anayemsikiliza. Gari linavuka. Wale wanandoa wanabusiana. Ndipo mlipuko. Yote hayo ni zaidi ya dakika 3 bila kukatwa.

Niambieni: katika dakika hizo kuna mapigano gani? Hakuna hata kofi. Kuna gari linalokwenda mwendo wa konokono, mbuzi, na watu wanaopiga soga. Halafu kwa nini jasho linatutoka?

Kwa sababu sisi tunajua na wao hawajui. Alfred Hitchcock alimweleza hivyohivyo mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, walipozungumza mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanaongea, bomu linalipuka ghafla, na wewe mtazamaji umeshtuka kwa sekunde 15. Lakini ukionyeshwa kwanza kwamba bomu liko chini ya meza na saa iko ukutani, maongezi yaleyale ya kipuuzi yanakupa taharuki ya dakika 15. Unataka kupiga kelele kwenye skrini: acheni porojo, ondokeni! Na mnakumbuka kibandani watu walivyokuwa wanapiga kelele kweli: "Nyuma yako! Geuka!" Hapo ndipo mtafsiri alikuwa ananyamaza. Alijua hana la kuongeza.

Sasa, vijana wangu, nyie mnalo bomu. Mnayo ndoo. Sisi tumeona nailoni ikiingia chini ya vibua. Hatujui ni nini, na hilo halina shida hata kidogo, inatosha kujua kwamba kuna kitu na kwamba mfuniko usifunguliwe. Hayo mmefanya vizuri kuliko mnavyofikiri. Halafu ikatokea shoti bora kuliko zote kwenye kazi hii. Naomba tuirudie.

Mama anamsimamisha msichana. "Vibua bei gani mwanangu?" Msichana anasema hauzi. Mama anacheka: "Hauzi, umewabeba wa nini?" Na anainama, anafungua mfuniko, anaingiza mkono.

Anaingiza mkono!

Nani amevuta pumzi hapo? Nimewasikia, ukumbi mzima. Mkono wa mama uko kwenye samaki, unapekua kama mama zetu wote wanavyopekua, hawachukui wa juu hata siku moja, wanataka wa chini kwa kuwa wanajua muuzaji ameficha nini. Kila mtu aliyezaliwa mji huu anajua mkono ule utakwenda chini tu. Hii ni taharuki ambayo hakuna mtu wa California angeweza kuiandika.

Na mmeipa muda gani? Sekunde 4! Halafu mkakimbilia kwa bwana mwenye miwani anayekunja ngumi kwa mwendo wa polepole kwa sekunde 11. Kumi na moja. Nimehesabu.

Nilimuuliza mhariri wenu kama kuna nyingine zimebaki kwenye kadi. Akaniambia zipo, karibu dakika nzima, yule mama hakuwa mwigizaji, alikuwa mteja kweli, aliomba apunguziwe. Mmelitupa hilo? Mwacheni mama achague samaki. Mwacheni anyanyue mmoja, anuse, amtazame macho, amrudishe, aseme wa jana huyu. Mwacheni aingize mkono tena. Tuonyesheni uso wa msichana, kisha mkono, kisha kule mbali yule mtu wa miguu mikavu ameanza kusogea, kisha mkono tena. Nipeni sekunde 25. Nitawapa bastola yangu ya kuchezea mkaitupe baharini.

Tuje kwenye mbio. Kukimbia ni bure, ndiyo maana wanafunzi wote wanakimbia. Lakini mtu anayekimbia bila saa ni mtu wa mazoezi. Mjerumani Tom Tykwer alitengeneza Run Lola Run mwaka 1998, na filamu karibu yote ni msichana mwenye nywele nyekundu anakimbia Berlin. Mbona haichoshi? Kwa sababu mwanzoni simu inalia. Mpenzi wake amesahau begi kwenye treni, ndani yake alama 100,000 za Kijerumani, na mwenye pesa anazitaka saa sita mchana. Zimebaki dakika 20. Ukishaambiwa hivyo, kila kona ya barabara ni adui: mama anayesukuma gari la mtoto, watawa wanaopita njiani, gari linalotoka kwenye geti. Dunia nzima imegeuka kizuizi.

Tykwer huyohuyo baadaye alikuja Nairobi kuwasaidia vijana wa Kenya kujifunza kazi hii, na kutoka kwenye mafunzo hayo ikazaliwa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kugombea Oscar. Mwanzo wake nao mnaujua: Mwas, kijana wa kijijini, anauza diski za filamu za kigeni huku akiigiza mapigano yake mbele ya wateja. Sekunde chache tu na tumeshajua anachokitaka huyu kijana, na tumeshajua kwamba filamu inazijua kaida na inatukonyeza. Hakuna mtu aliyekuja kutuambia kwa sauti ya nyuma kwamba "tangu utotoni nilikuwa na ndoto". Wale wa kundi la tatu, nawaangalia.

Nyie saa yenu ni geti la pantoni. Ni saa nzuri mno. Nani hapa hajawahi kukimbilia pantoni akaona geti linafungwa usoni kwake? Mkoa mzima una hofu hiyo moyoni, mmeikuta tayari. Lakini geti mmetuonyesha lini? Sekunde ya 105, likiwa linafungwa! Saa inayoonekana ikiwa imeshagonga haina kazi. Nionyesheni geti mapema, hata kabla ya mama wa vibua. Nionyesheni pantoni inakuja, watu wanashuka, magari yanashuka, watu wanapanda. Kila mara mnaporudi kwa mama na mkono wake, nisikie honi. Honi ya kwanza. Maneno kidogo. Honi ya pili. Mnanielewa?

Kuna jambo la kifundi hapa, nitalipita haraka ila msilisahau. Kwenye soko msichana anakimbia kuelekea kulia kwa skrini. Mnakata, kwenye uzio anakimbia kuelekea kushoto. Wale jamaa wanakimbia kulia. Kwa macho yetu msichana amegeuza na anawafuata wao! Wale Waingereza kabla ya kupewa zoezi la dakika mbili walikuwa wanapewa la maandalizi: mtu afungue mlango, avuke chumba, akae kwenye kiti mbele ya mwenzake, wabadilishane maneno machache. Basi. Linachosha, ndiyo. Lakini humo ndani kuna yote, namna ya kukata katikati ya tendo ili mkono ulioshika kitasa nje ndio uonekane ukisukuma ndani, na namna ya kuiweka kamera upande mmoja wa mstari wa kuwaziwa kati ya wahusika ili mtazamaji asipotee. Asiyeweza kumvusha mtu chumbani hawezi kumkimbiza Feri. Anayekimbia na anayemfukuza waelekee upande mmoja. Mkitaka kubadili upande, mwonyesheni akigeuka.

Na tafadhali, mnapokimbiza mtu sokoni, waambieni watu. Nimewahi kuwa kwenye kazi ambapo mwigizaji wetu alitimua mbio, mtu akapaza sauti "Mwizi!", na kabla hatujasema hii ni filamu kijana alikuwa ameshapigwa ngwala na muuza mitumba, na tairi limeshaulizwa liko wapi. Mwongozaji alikuwa anafurahia kwenye monita, anasema wanaigiza vizuri hawa. Mna kibali cha Bodi ya Filamu, vizuri, lakini muuza mitumba hasomi kibali. Mwenyekiti wa soko, sungusungu, askari wa zamu, wote wajue.

Hilo linanileta kwenye bastola. Naomba itoke. Kwanza ni hatari, mtu akiitoa hadharani polisi hatauliza imetengenezwa kwa plastiki gani. Pili, haitutishi.

Mtasema, mbona Wakaliwood? Sawa, twende Wakaliwood. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G., mwenye studio hiyo, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa fedha zinazosemekana hazikufika dola 200. Bunduki zao zinachomelewa kwa vyuma chakavu na kuchongwa kwa mbao. Helikopta zinatengenezwa kwenye kompyuta ya kuungaunga na zinaonekana hivyo. Na dunia nzima imewapenda. Kwa nini? Kwa sababu hawadanganyi. Nakala inayotazamwa ina sauti ya VJ Emmie juu yake, anashangilia, anatania, anatangaza kama mpira. Yaani kibanda kimeingizwa ndani ya filamu. Mtazamaji anakaribishwa kwenye mchezo, bunduki ya mbao ni sehemu ya furaha. Nyie hamkutukaribisha kwenye mchezo, mmetuomba tuogope. Mkituomba tuogope, halafu mkatuonyesha bastola yenye mstari wa kiunganishi cha plastiki katikati, tumetoka kwenye filamu na hatutarudi. Chagueni moja. Mkichagua mchezo nitakuja kuwatangazia mwenyewe, bure. Ila mkitaka kututisha, mfukuzaji atembee tu. Asikimbie. Mtu anayetembea nyuma ya anayekimbia anatisha zaidi, kwa kuwa anajua kitu ambacho anayekimbia hajui: geti litafungwa.

Sauti. Dakika mbili zote mmeweka muziki, ule wa kupakua, ngoma na fidla zinapanda. Nasema haraka kwa kuwa muda unaniishia: rudini kwa Welles. Kampuni ya Universal ilipoitoa filamu yake, ile shoti ya kwanza ilifunikwa kwa majina ya washiriki na muziki wa Henry Mancini. Welles alikuwa ameshaandika waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu ikatwe. Alifariki mwaka 1985 hajaiona. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliikata upya kwa kufuata waraka ule. Mwanzoni majina yakaondolewa, muziki wa juu ukaondolewa. Kikabaki nini? Sauti za mtaa. Muziki unatoka kwenye milango ya vilabu na kwenye redio ya lile gari lenye bomu, kwa hiyo hata gari lisipoonekana unasikia redio ile inakaribia au inatokomea. Bomu limepata sauti bila kulia.

Feri ina sauti gani? Visu kwenye magamba. Mnada. Mafuta ya kukaangia. Makonda. Honi. Mna utajiri huo, mkaufunika kwa fidla za mtandaoni! Ondoeni muziki wote, tazameni mara moja bila chochote, kisha mrudishe sauti moja moja. Yule mama anapopekua, nataka kusikia nailoni. Krrr, kidogo tu, chini ya samaki.

Majina nayo yasikae juu ya mkono wa mama. Yawekeni kwenye picha pana za mwanzo, madogo, pembeni. Zile herufi zinazochuruzika damu ni za mashetani, mkaazime kwa kundi la pili.

La mwisho, mwisho wenyewe. Risasi, giza, jina. Mmeiona hiyo mara ngapi? Mimi nisingeikata hapo. Ningefanya hivi, na mnaruhusiwa kukataa, kazi ni yenu. Mama wa vibua msimwache sokoni. Awe naye anavuka. Msichana amebanwa, geti linafungwa, hawezi kupita, mtembeaji yuko hatua kumi nyuma. Mama ameshaingia. Msichana anainyoosha ndoo juu ya uzio: "Mama, chukua. Wote. Nimekupa." Mama anaipokea kwa furaha, tangu lini mtu akakataa vibua vya bure? Geti linagonga. Mtembeaji anafika, anamtazama msichana mikono mitupu. Pantoni inaondoka. Kule mbele mama ameketi na mizigo yake, ameweka ndoo kati ya miguu, anafungua mfuniko ili amwonyeshe jirani yake bahati aliyoipata. Anaingiza mkono.

Jina la filamu.

Nyenzo mnazo zote isipokuwa shoti tatu, nne. Yule mama mtafuteni, mlipeni, na mumpunguzie alivyoomba. Naambiwa muda umekwisha. Maswali sasa, na tuanze na huyu bwana wa mbele aliyevaa suti, naona tangu dakika ile hajatulia kwenye kiti.